Saa Mbili Hazikai Chumba Kimoja

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Kinasa sauti kilichobeba sauti ya mtu kinapounganishwa na kompyuta inayopanga muziki, kompyuta ndiyo inayopaswa kufuata. Na yule anayetuambia kwamba haya ni mambo ya mafundi wa studio, kwamba sisi wasomaji wa riwaya na mashairi tukae pembeni tusubiri kazi itoke, anatudanganya, hata kama mwenyewe hajui kwamba anatudanganya.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuguna. Blogu ya fasihi, leo tunaletewa waya na mashine? Vumilieni kidogo. Fasihi yetu ilikuwa sauti kabla haijawa kitabu, na sasa inarudi kuwa sauti. Mashairi yanarekodiwa juu ya biti, hadithi zinasomwa na kuwekwa mtandaoni, wazee wanaghani tenzi mbele ya kipaza sauti na wajukuu wanazitia kinanda. Karibu kila kazi ya aina hiyo imepita katikati ya saa mbili au zaidi. Kama mwendo wa sauti ya mghani umeamuliwa na mtu asiyejua saa ipi inaongoza na ipi inafuata, basi mizani imeguswa. Na mizani ni mali yetu, sio ya fundi peke yake.

Tuanze na hizo saa. Ndani ya kila mashine ya kidijitali kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka, na mtetemo huo ndio saa yake. Kinasa sauti kinahesabu sampuli za sauti, 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na fuwele ndiyo inayokiambia sekunde imeisha. Kompyuta, au tuseme kadi yake ya sauti, nayo ina fuwele yake. Tatizo ni kwamba hakuna fuwele mbili zinazotetemeka sawasawa kabisa. Joto, umri, na namna zilivyotengenezwa, vyote vinazitenganisha. Chukulia zinapishana kwa sehemu 50 tu katika kila milioni. Ni kitu kidogo mno, utasema. Baada ya dakika 5 tofauti ni milisekunde 15, na sikio zuri linaanza kusikia ngoma ikigonga mara mbili pale ilipopaswa kugonga mara moja. Baada ya saa nzima ni milisekunde 180. Huo ni takriban muda wa kutamka silabi moja. Yaani mizani nzima imeingia au imetoka, bila mtunzi kuulizwa.

Hapo ndipo wanapotokea wale wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hii. Mimi nasema kinaweza, na pengine kinaibeba vizuri kuliko lugha zinazojisifu. Sisi tumekulia na saa mbili. Redio ya Kiingereza ikisema ni saa saba asubuhi, bibi jikoni anajua ni saa moja, na hakuna aliyewahi kukosa basi kwa sababu hiyo. Tofauti ni saa sita leo, kesho, na mwakani. Haikui. Unaijua, unaitoa, unaendelea na safari. Sasa fikiria tofauti ambayo leo ni saa sita, kesho ni saa sita na dakika tano, keshokutwa saa sita na dakika kumi. Ndoa zitavunjika. Hapo mtoto wa darasa la nne ameshaelewa jambo ambalo vijana wengi wa studio hawalielewi baada ya miaka mitatu ya video za mafunzo: kuna tofauti tuli na kuna tofauti inayokua, na dawa zake ni mbili. Tofauti tuli unairekebisha mara moja kwa kusogeza. Tofauti inayokua huwezi kuisogeza ikaisha, kwa sababu ukilinganisha mwanzo mwisho unapishana, na ukilinganisha mwisho mwanzo unapishana. Lazima saa moja ikubali kunyamaza na kuifuata nyingine.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Saa mbili nazo hazikai chumba kimoja.

Vijana wa studio wana neno lao: kusinki. Sina ugomvi nalo, ingawa nyumbani sinki ni pa kuoshea vyombo. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo moja wanalibebesha mizigo mitatu tofauti, kisha wanashangaa mambo yakiharibika. Mzigo wa kwanza ni mahali: tuko wapi katika wimbo? Mzigo wa pili ni mwendo: tunakwenda kwa kasi gani hasa? Mzigo wa tatu ni amri: anza, simama, rudi nyuma. Mtu anaweza kukujibu swali moja kati ya hayo na akakuacha gizani kwa mawili yaliyobaki.

Wale waliobuni mfumo wa MIDI walijua hilo vizuri. MIDI ilionyeshwa hadharani mwanzoni mwa mwaka 1983, pale kinanda cha kampuni ya Marekani na kinanda cha kampuni ya Japani vilipounganishwa kwa waya na kuelewana. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliosukuma makubaliano hayo kati ya makampuni yaliyokuwa yanashindana sokoni, walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Ndani ya waya huo kuna lugha kadhaa. Kuna saa ya MIDI, inayotuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo: hiyo inazungumza kimuziki, mwendo ukipanda mapigo yanakaribiana, ukishuka yanaachana. Kuna msimbo wa muda wa MIDI, ambao haujui muziki kabisa. Wenyewe unasema tu saa, dakika, sekunde na fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde unatuma ujumbe 100 kila sekunde, na inachukua jumbe 8, yaani fremu mbili, kuikamilisha anwani moja. Halafu kuna jumbe za amri, zinazobonyeza vitufe vya mashine iliyo mbali.

Angalia sasa kosa linavyofanyika. Tuseme una kinasa cha nyimbo nyingi, mathalani ADAT, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992 na kunasa nyimbo 8 za kidijitali juu ya kaseti ya video ya S-VHS. Umenasa sauti ya mwimbaji, gambusi, na ngoma. Unataka kuongeza kinanda na midundo kutoka kwenye kompyuta. Unachukua kifaa cha kati kinachosoma wakati wa ADAT na kutoa msimbo wa muda, unaiambia programu ifuate, unabonyeza kuanza, na maajabu, kompyuta inaanza palepale. Fundi anapiga makofi. "Tayari, imesinki!" Noti za kinanda zinakwenda sawa mpaka mwisho, kwa sababu noti ni maagizo tu, programu inaweza kuyasogeza kila mara ili yaendane na anwani inayoletwa. Lakini ukishanasa kiitikio ndani ya kompyuta, hicho si maagizo tena. Ni sauti, ni sampuli elfu arobaini na kitu kila sekunde, na zinapigwa kwa saa ya kadi ya sauti. Msimbo wa muda uliwaambia mahali pa kuanzia. Haukuwapa mwendo. Dakika ya sita kiitikio kimeshaanza kumkanyaga mwimbaji.

Dawa yake inajulikana na haina uchawi. Pamoja na msimbo wa muda, unapeleka saa ya sampuli ya kinasa kwenye kadi ya sauti, kwa waya wake maalumu au kupitia waya wa sauti wa kidijitali, na unaiambia kadi iache saa yake ya ndani isikilize ya nje. Unahakikisha pande zote mbili zinasema idadi moja ya sampuli na idadi moja ya fremu. Fremu 30 upande mmoja na 29.97 upande wa pili ni sekunde 3.6 kwa saa, na hapo hata asiyejua muziki atasikia. Mwisho, wimbo usiuanzishe kwenye sifuri kabisa. Uweke mbele kidogo, ili mashine zipate nafasi ya kutafutana kabla sauti haijaanza. Hiyo ndiyo tofauti tuli, saa sita za bibi. Unaiandika pembeni, basi.

Kwa nini basi kosa hili haliishi? Nadhani sehemu kubwa ni lugha. Vitabu vya mashine hizi kwa miaka mingi viliiita mashine inayoongoza bwana na inayofuata mtumwa. Tafsiri za haraka haraka zikaja na maneno hayohayo, na kuna watu wanayatamka Zanzibar, mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, bila hata kukohoa. Mwaka 2003 ofisi za kaunti ya Los Angeles ziliwaomba wauzaji wa vifaa waache majina hayo, watu wakacheka. Mimi sicheki. Lakini hoja yangu hapa si adabu peke yake. Maneno hayo ni mabaya pia kwa sababu yanadanganya kuhusu kazi yenyewe. Bwana anaamuru kila kitu: lini, wapi, kwa kasi gani. Ukishaamini kwamba kuna bwana mmoja, huulizi tena swali la pili. Ukweli ni kwamba mashine moja inaweza kutoa amri huku nyingine ikishika mwendo. Unaweza kukaa kwenye kompyuta ukabonyeza kuanza, amri ikaenda kwa kinasa, kinasa kikaanza, kisha kinasa hichohicho kikaiongoza kompyuta iliyokiamuru. Nani bwana hapo?

Nenda kwenye ngoma yoyote ukaangalie. Yule anayeanzisha wimbo si lazima awe ndiye anayeshika mwendo. Mwimbaji anatoa, waitikiaji wanapokea, na mwendo umekaa mikononi mwa mtu wa tatu ambaye labda hajafungua mdomo usiku mzima. Tunayo maneno: anayeanzisha, anayeshika mwendo, anayeitikia. Ni matatu, na mizigo ilikuwa mitatu. Tukiyatumia haya studio, kijana atajua kuuliza: wewe unaanzisha, sawa, lakini nani ameshika mwendo?

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimekaa studio nyingi, na nimeona jambo moja likijirudia. Siku moja alikuja mzee kughani. Sitaitaja studio wala watu. Prodyuza alikuwa ameshatengeneza biti, mapigo 90 kwa dakika, imekaa kwenye kompyuta kama reli. Mzee akavishwa spika za masikioni, akaanza. Alikuwa anavuta pale maana inapovutika na anakimbia pale habari inapokimbia, kama waghani wote. Prodyuza akasimamisha. "Mzee wangu, shikamoo tena, lakini unatoka nje ya biti." Mzee akamjibu kwa upole, "Marahaba mwanangu. Mimi nimo ndani ya utenzi. Hiyo biti ndiyo iliyotoka." Wakacheka wote, kisha kazi ikaendelea kwa njia ya prodyuza. Baadaye sauti ikakatwakatwa, kila kipande kikavutwa mpaka pigo lilipo. Mizani nane zilibaki nane, hesabu ilikuwa sahihi. Kilichopotea ni pumzi.

Najua hoja ya upande wa pili, na nitaitendea haki. Wanasema muziki wa kucheza unahitaji mwendo ulionyooka. Ni kweli. Kama kazi ni ya kucheza, kompyuta ishike mwendo, kinasa kifuate, mwimbaji aingie humo kwa hiari yake, na wapo wanaolifanya hilo kwa ustadi mkubwa. Sina neno. Wanasema pia kwamba kuifanya kompyuta imfuate binadamu ni kazi ngumu. Hapo nakataa. Programu za kupanga muziki zimekuwa na ramani ya mwendo tangu zamani. Unasikiliza ghani, unagonga kidole pale mzee anapokanyaga, programu inaandika mwendo wa kila pigo: hapa 84, hapa 91, hapa 79. Kuanzia hapo kinanda na ngoma za kompyuta zinapumua pamoja naye. Ni kazi ya mchana mmoja. Tumeiita ngumu kwa sababu ni rahisi zaidi kumkata mzee.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda: siku hizi nani anatumia kinasa cha pembeni? Kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Ajabu ni kwamba wanaosema hivi ndio haohao wanaokwenda kwenye usiku wa mashairi na kamera moja, simu moja na kinasa cha mkononi kimoja. Hizo ni fuwele tatu. Wanarudi nyumbani, wanaweka sauti ya kinasa juu ya picha ya kamera, na dakika ya arobaini midomo ya mshairi inasema jambo moja na masikio yanasikia jingine. Tatizo halijaondoka, limehamia mfukoni mwa kila mtu.

Tena kuna jambo la kumbukumbu. Kaseti za ADAT zilizonaswa miaka ya tisini zinazeeka, na mashine za kuzisoma zinazidi kuadimika. Kila anayehamisha kaseti hizo leo anafanya uamuzi wa saa, apende asipende. Kazi iliyonaswa kwa sampuli 44,100 ikipigwa kana kwamba ni 48,000, sauti inapanda kwa takriban nusutoni moja na nusu, na utenzi wa dakika 10 unakwisha kwa dakika 9 na sekunde 11. Mwanamume anakuwa kijana, mama anakuwa binti. Na asiyemfahamu mwimbaji hatajua.

Mnadhani natisha watu? Albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ilinaswa mwaka 1959. Siku ya kwanza ya kunasa, mashine kuu ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko ilivyopaswa, kwa hiyo ilipopigwa kwa mwendo sahihi muziki ukatoka juu kidogo na haraka kidogo. Upande mzima wa kwanza wa santuri ulikuwa hivyo. Wanamuziki waliojaribu kupiga nayo pamoja walikuta ala zao hazikubaliani. Marekebisho yalikuja kwenye toleo la mwaka 1992, kwa sababu siku ileile ya kunasa kulikuwa na mashine ya pili ya akiba iliyokwenda kwa mwendo sahihi. Miaka 33 dunia iliipenda albamu iliyokosea mwendo. Na hiyo ni kampuni kubwa, New York, yenye mashine mbili na mafundi wa kulipwa. Sisi tuna nini cha akiba? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kunasa santuri zake. Santuri za enzi ile hazikuwa na mwendo mmoja wa hakika, na kimo cha sauti yake tunayoisikia leo kinategemea kwa kiasi fulani mkono wa yule aliyeizungusha santuri wakati wa kuihamisha. Nikisoma uhakiki unaosifu "sauti nyembamba" ya mwimbaji wa zamani, huwa najiuliza kama mhakiki anamsifu mwimbaji au anaisifu mashine.

Basi haya ndiyo ninayodai. Prodyuza, kabla hujabonyeza chochote, sema kwa sauti nani ameshika mwendo, na kama kazi ni ghani, jibu liwe mghani. Mshairi, usivae spika za masikioni kabla hujauliza swali hilo. Una haki nalo kama ulivyo na haki ya kuuliza nani atahariri mswada wako. Mnaohamisha kaseti za wazee, andikeni pembeni ya kila faili: mashine ipi, sampuli ngapi, saa ipi iliongoza. Ni mstari mmoja. Na sisi wahakiki tuache kuandika juu ya kazi za sauti kana kwamba zimedondoka kutoka mbinguni. Tunapohakiki kitabu tunataja mhariri, mfasiri na toleo. Kwa kazi ya sauti, mwendo ni toleo.

Kuna watakaosema nimeikuza fremu moja ikawa tembo. Sawa. Wachukue rekodi ya mghani wanayemjua, wamtafute kama bado yupo, wamsikilize akighani bila mashine yoyote, halafu waipige ile rekodi mbele yake. Wasimuulize kama imenaswa vizuri. Wamuulize kama ni yeye.